Mkeka wa Mwaka wa Maradhi

Faki alimtembelea shemeji yake, Bi Mize, akiwa bado na kinyongo. Maradhi yalipoingia mjini, serikali ilimfungia mkahawa wake.

"Walitutesa bure," alisema kabla hata ya kufika mlangoni.

Bi Mize hakubishana naye. Alimtandikia mkeka aliousuka mwaka ule wote huku akisikiliza redio: miyaa myekundu kwa siku za amri ya kufunga maduka, ya kijani kwa siku za ruhusa, na mwaa mmoja mweusi kwa kila maiti aliyetangazwa.

"Tazama mwenyewe, shemeji."

Faki aliinama. Kijani kilipotanda, weusi ulizidi kusongamana. Nyekundu ilipoingia na kukaa, weusi ulipungua taratibu, mpaka ukakatika.

"Mashaallah, Mize! Mbona kwa kusikiliza redio hatukuyaona haya?"

Alifuata rangi kwa kidole hadi nyekundu ilipoanzia. Hapo kidole kilisimama juu ya mwaa mweusi. Hakuuliza ni wa nani. Mkewe, dada yake Mize, alizikwa siku moja kabla ya amri.

"Keti basi, chai inapoa."

Faki akavua viatu, akabaki navyo mkononi, ukingoni mwa mkeka.