Mayai ya Kobe Chini ya Saruji

Haya hayakutokea zamani sana. Watu walitaka kujenga soko, wakaamua kwanza kuwahamishia wanyama wote watambaao kwenye bonde jipya. Huko waliwarundikia mawe ya kuotea jua, wakawachimbia na kidimbwi.

Kobe alikuwa msiri mno. Alikuwa amefukia mayai kumi na mawili chini ya mgunga, na hakuna aliyejua. Siku ya kuhama, mbebaji alimuuliza, "Bibi Kobe, hujaacha kitu?"

Kobe alifungua kinywa aseme. Lakini kwenye kreti ya jirani alikuwamo Kenge, mla mayai, katega sikio.

"Sina kitu," akajibu. Moyoni alisema atayarudia mwenyewe.

Alitembea siku tisa kurudi. Alikuta sakafu ya saruji, ngumu kuliko gamba lake. Aliikwaruza mpaka kucha zikamwisha.

Aliporejea bondeni alimkuta Kenge juu ya jiwe, akamsimulia yote, maana hapakuwa tena na cha kuficha.



"Lakini dada yangu," Kenge alisema, "mimi nikila matatu nimeshiba."