Karatoni Nyeusi

Fundi wa fremu, pale mtaa wa Mapendo, alizungushia picha ya mume wa Kahindo karatoni nyeupe, ile ya ndani ya fremu, kisha nyeusi.

"Mama, nyeupe ni ya wazima. Nyeusi ikishatundikwa ukutani, mutu amekufa. Muzee yuko?"

Kahindo aliiondoa nyeusi. Mumewe alifuata dhahabu Walikale, mwaka wa saba huu, hata simu hapigi. Na Papa Musafiri, anayetaka kumwoa, angekuja Jumapili kusikia jibu.

Akairudisha nyeusi juu ya ule uso. Kidole kikafuata ukingo wake uliokatwa mshazari, palipoonekana moyo wa karatoni kama uzi mweupe mwembamba. Nyeusi ilimpendeza mumewe kuliko suti ya harusi.

"Kata hii."

"Na akirudi, mama?"

"Akirudi, atakuja kujichagulia yake."