Sauti Yangu Masikioni mwa Tunu

Siku hizi vifaa vya kusaidia kusikia huongea kwa sauti ya mama, vikimbembeleza mtoto asivivue. Yangu niliirekodi kliniki, dakika kumi tu, huku natazama saa. Tunu wangu ana miaka mitatu. Zamani dada wa kazi alikuwa akiviokota vifaa vyake kwenye ndoo ya maji. Sasa mtoto anaamka navyo, analala navyo. Hata nesi alinipongeza.

Asubuhi ya leo nilimkuta mkekani akicheka peke yake.

“Tunu, njoo unywe uji, unapoa.”

Hakugeuka. Nikapiga magoti mbele yake. “Mwanangu, kwani hunisikii?”

“Nakusikia, dada,” akanijibu kwa upole, kisha akaniwekea kidole mdomoni. “Subiri kidogo. Mama anaongea.”