Mbaazi za Bi Mashavu

Adelina alirudi kuwasomea wasusi wa mikeka hitimisho la utafiti wake kabla ya kulipeleka chuoni. Walikaa uani kwa Bi Mashavu, aliyempikia msimu mzima, na mbaazi zilikuwa jikoni.

"Hitimisho langu lote limesimama juu ya maneno ya Bi Siwema," Adelina alisema.

Bi Siwema akainama juu ya ukili wa mkeka aliokuwa akisuka kama wenzake, akitabasamu. Bi Mashavu akasubiri mpaka ukurasa wa mwisho ukasomwa.

"Na mimi umeniweka wapi, mwanangu?"

"Kwenye shukrani, mama. Nimeandika kuwa ulinilisha vizuri."

"Shoga, mbaazi zako zimefika chuo kikuu," Bi Siwema akasema, na wanawake wakacheka. Bi Mashavu naye akacheka, akachelewa kidogo kunyamaza.

Adelina akashika kalamu. Lilibaki pendekezo moja: nani awafundishe wasichana kusuka.

"Bi Siwema," wakasema wote, isipokuwa mmoja.

"Bi Mashavu, nawe unakubali?"

Harufu ya mbaazi zinazoungua ilikuwa imeshaingia uani. Wote walimtazama. Yeye alikuwa akisuka taratibu, ukili ulionyooka kuliko wa mtu yeyote pale, wala hakuinuka.