Masizi ya Mshumaa wa Baba

Nilimkuta Révérien, mdogo wangu, kwenye stoo ya chini ya jengo letu hapa ugenini, Jakobsberg, akiigeuzageuza risasi juu ya moto wa mshumaa. Ulikuwa mshumaa wa baba, ule tunaouwasha mara moja kwa mwaka, siku aliyopigwa risasi.

Nikauonyesha mshumaa kwa kidole.

"Huo umeutoa wapi?"

"Kabatini kwako, dada. Ile mingine haitoi masizi ya maana."

Msimu wa kuwinda ulikuwa unaanza Jumatatu, naye hujitengenezea risasi mwenyewe. Hii ilikuwa ya kupimia tu, haina baruti. Aliipaka masizi, akaiingiza kwenye bunduki, akafunga, akaitoa. Mtutu ukiikwaruza, ujue kichwa chake kimechomoza mno, na lazima kizamishwe zaidi ndani ya ganda.

"Niangalizie, dada. Miwani nimeiacha juu."

Nilitaka kumtemea mate, lakini nikaipokea. Risasi ilikuwa na uvuguvugu, kama kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu. Kwenye ule weusi kulikuwa na mikwaruzo minne, myembamba kama unywele.

"Bado inagusa," nilisema.

Aliizamisha, labda unene wa karatasi. "Shika hapa," akasema, akaipaka masizi upya.

Mara ya pili ilibaki mikwaruzo miwili, hafifu. "Kidogo tena," nikamwambia.

Mara ya tatu ilitoka nyeusi tupu, na nikajikuta nimefurahi. Hapo nta ya moto ikanidondokea kidoleni. Nikatazama, nikaona mshumaa nimeushika mimi.