Unifue

“Usiseme unioshe,” Musafiri alimkatiza mkewe. “Sema unifue.”

Albertine akaanza upya zaburi ya toba. Kesho angesimama mbele ya kanisa zima la Kasongo aungame dhambi iliyomfunga tumbo. Dhambi gani, mwenyewe hakuijua. Miaka tisa ya ndoa, na mtaani bado wanamwita kwa jina lake tu. Hana mtoto hata aitwe mama fulani.

Mama mkwe alikuwa ameshasema: asiposhika mimba baada ya toba hiyo, arudishwe kwao. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alimwonya mwanawe. Musafiri peke yake ndiye aliyemtetea, na kwa hilo Albertine alimpenda kupita kiasi.

Musafiri alikuwa mwalimu wa misheni. Kila mwezi alipanda baiskeli, akafuata barabara ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, hadi Kabambare kufundisha. Akiwa nyumbani, alimsaidia mchungaji mzungu kutafsiri Zaburi.

“Mu Kiebrania iko maneno mbili,” alieleza. “Moja ni ya kuosha mwili. Ingine ni ya nguo: kukanyaga na miguu, kupiga, mpaka uchafu utoke. Daudi aliomba hii ya nguo.”

Albertine alitazama shuka alizotoka kuzipiga juu ya jiwe. Hofu ikamwingia.

“Mwalimu, Mungu atanikanyaga vile? Nilifanya nini mie?”

Akaangua kilio. Musafiri alimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Roho mbaya hakuwa nayo hata kidogo. Alichutama kando ya beseni la kufulia, akamvua kitambaa cha kichwa, akakichovya majini.

“Hapana, mama. Si nguo yote inapigwa. Angalia nguo ya mutoto muchanga. Unafikicha pole-pole, hivi. Unasuuza mara mingi, maana sabuni ikibaki itamuchoma mapaja, na atalia mpaka asubuhi.”

Mikono yake ilikwenda kwa ustadi, yeye ambaye humo nyumbani hajapata kufua hata soksi zake. Albertine aliitazama, na machozi yakamkauka.

“Mutoto iko na miezi ngapi?” aliuliza.

“Miezi ine,” Musafiri alijibu, huku akikamua kitambaa.