Lango la Nyuma

"Bado yuko pale, Sista," Mulongo, askari wa lango, alisema. "Nimemwambia aende, hataki. Anasema atangoja."

Sista Nanzala alisogeza pazia la ofisi. Nje ya lango kubwa, mwanamume mwenye koti refu alikuwa amesimama kwenye manyunyu, fimbo ya ng'ombe mkononi. Hakuwa akipiga kelele. Ilikuwa siku ya kufunga shule, na wazazi walipita kando yake wakiburuta masanduku ya binti zao. Yeye aliwatazama wasichana usoni, mmoja baada ya mwingine.

"Anataka nini?"

"Ati ataongea na mkubwa wa shule peke yake. Nikamwambia anieleze mimi, nitafikisha. Akasema hayo si maneno ya kuambia askari."

Sista aliachia pazia. Binti wa mzee huyo alikuwa nyuma yake, amejikunja kwenye kiti cha wageni, sanduku lake miguuni.

Chepkoech, msichana kutoka Moiben, alikuwa wa Kidato cha Tatu. Asubuhi, wenzake wakiimba mabwenini, alikuja ofisini akasema hawezi kwenda nyumbani. Likizo hii angekatwa. Alitamka neno hilo akitazama sakafu. Kila kitu kilikuwa tayari, alisema, hata siku ilikuwa imepangwa.

"Nani amekuambia?" Sista alimuuliza.

"Baba."

Kisha akaangua kilio, na Sista hakutaka kumchimba zaidi. Alikuwa amesikia ya kutosha. Mwaka uliopita alimwachia msichana mwingine aende na wazazi wake, akiwa na wasiwasi tu moyoni, na Januari kitanda cha msichana yule kilibaki kitupu. Baadaye walisikia ameolewa. Sista alikuwa ameapa mbele ya altare kwamba jambo hilo halitatokea tena mikononi mwake.

Polisi angewapigia, lakini kwanza alitaka msichana awe mbali na lango lile. Akampigia Naomi Jerop.

Picha ya Naomi ilikuwa ukumbini, katika safu ya wahitimu ambao shule ilijivunia. Alikuja kutoka Kaptagat akiwa yatima mwenye sweta moja. Likizo zilipofika, wenzake walienda kwao, yeye akabaki kupalilia mahindi ya masista kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Sasa alikuwa nesi mwenye kliniki yake Yamumbi. Kila mwaka alirudi kwa misa ya shukrani, akasimama mbele ya wasichana na kuwaambia kuhusu imani, heshima na kuvumilia shida bila kulalamika. Sista alipotaka kuonyesha shule ile ilikuwa inalea watu wa aina gani, alimtaja Naomi.

"Nina msichana hapa anaitwa Chepkoech," Sista alisema kwenye simu. "Wanataka kumpasha tohara. Baba yake yuko langoni sasa hivi. Unaweza kumweka kwako siku chache?"

Naomi alishusha sauti.

"Ni yule wa Moiben?"

"Huyo huyo," Sista alisema, akifarijika kwamba hakuhitaji kueleza mengi.

"Msimwonyeshe baba yake, Sista. Hata wasisalimiane. Nakuja mwenyewe, nitapitia lango la nyuma."

Alifika upesi. Gari lilipita polepole kando ya zizi la ng'ombe, likasimama nyuma ya jikoni. Naomi alishuka, akapiga goti kidogo mbele ya Sista kama alivyofanya akiwa mwanafunzi, kisha akavua shali yake na kumfunika nayo msichana mabegani.

"Usiogope, mami. Mimi pia nilisoma hapa."

Chepkoech aliingia kiti cha nyuma akikumbatia sanduku lake. Akamtazama Sista.

"Sista, baba ataambiwa niko wapi?"

"Hataambiwa," Sista alimhakikishia. "Hatakuona."

Msichana akafungua mdomo kusema kitu, lakini Naomi alikuwa ameshafunga mlango. Gari likazunguka zizi, likatoka.

Sista alisimama pale mpaka mlio wa injini ukapotea. Kilichobaki sasa kilikuwa kumkabili baba. Akajifunika leso kichwani, akavuka uwanja, akamwambia Mulongo afungue lango lakini asiende mbali.

Kwa karibu, mzee alionekana amechoka zaidi kuliko alivyoonekana kutoka dirishani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ni mimi. Na binti yako hutampata. Nimempeleka mahali salama, na polisi watajua kila kitu."

Mzee alivua kofia.

"Asante, Sista," alisema. "Mungu akubariki. Ni mimi nilimwambia asirudi nyumbani. Mama yake na shangazi zake wamenishinda, wameamua. Juzi wamenifukuza kwangu kwa sababu nimekataa."

Sista alishika chuma cha lango.

"Nilitaka tu kukuonya, na si jambo la kuambia kila mtu. Wamepata nesi wa kufanya hiyo kazi, mama mmoja wa kliniki huko Yamumbi. Wanasema nyinyi mnamjua, alisoma hapa hapa kwenu." Mzee alifuta maji usoni kwa mkono. "Akija kumwulizia, tafadhali, msimpe."